Kopo la Viroboto

Hakuna mtu hata mmoja katika ukoo wetu aliyewahi kuingia dukani kwa kaka yangu Usama, akafungua boksi la spea, akachota anachotaka na kuondoka. Hakuna. Wakitaka hata nati wanasimama mlangoni, wanapiga hodi, wanauliza habari za biashara, ndipo wanaomba. Lakini stoo yangu mie, Hayat binti Muhdhar, hiyo ni kabati la jikoni. Anayepita anafungua, anayetaka anachukua, na ukimuuliza anashangaa kwamba umeuliza.

Nayasema haya mapema ili mtu asije akanisikiliza nusu halafu akaniambia, "Hayat, punguza hasira, yule ni shangazi yako." Najua ni shangazi yangu. Ndiyo maana iliniuma.

Nyumba yetu iko Temeke. Duka la baba liko mbele, sie tunaishi nyuma, na nyuma zaidi kuna uani, na uani ndiko niliko mie. Nina matangi ya vifaranga vya kambare, na kando ya ukuta, chini ya bati, nina ndoo kubwa na mapipa yaliyokatwa ninamofuga viroboto maji. Usicheke. Ukoo mzima umeshacheka. Sikukuu haiishi bila ami yangu mmoja kuniuliza mbele ya wageni kama viroboto wangu wamefunga Ramadhani yote au wamekula kobe. "Binti amesoma chuo," wanasema, "amerudi nyumbani kufuga viroboto." Halafu wanajikuna.

Kiroboto maji hamng'ati mtu. Ni mdudu mdogo kama chembe ya pilipili manga. Ukimchota kwenye glasi na kumwangalia kwenye mwanga utamwona anarukaruka, na tumboni mwake utaiona rangi ya alichokula. Kifaranga cha kambare akianguliwa anaishi siku chache kwa kiini alichozaliwa nacho. Kiini kikiisha, mdomo unafunguka, na anataka chakula kinachotembea. Mwagia unga wa dukani, ataupita tu, utaozea chini. Mwagia viroboto, uone wanavyowakimbilia. Mie nimewahi kukaa kwenye kigoda nikiwatazama mpaka chai ikanipoa mkononi.

Na kiroboto naye anakula. Anakula mwani, lakini siyo ule wa kamba unaolimwa baharini. Ni ule mdogo usioonekana kwa macho, ule unaoyafanya maji ya pipa lililosahauliwa nje yawe kijani. Nilianza kwa kumlisha mwani ulio hai, na mwani hai ni mdekaji kuliko mtoto wa mwisho. Jua likikosekana, unakufa. Maji yanavunda, viroboto wanakufa njaa, na vifaranga wanafuata. Masika ya mwaka jana nilipoteza kila kitu kwa namna hiyo, na masika ya mwaka juzi vilevile. Usama alikuwa anapita kila asubuhi na mswaki mdomoni, anachungulia tangini, anasema, "Innalillahi," anaendelea na safari yake.

Basi nikatumia akili. Kiangazi chote nilifuga mwani kwenye mabeseni mapana juu ya paa, nikauchuja kwa kilemba cha marehemu babu, nikauanika, nikausaga kwenye blenda, nikauchekecha mpaka ukawa unga laini, kijani cha kukolea. Kiangazi kizima, jua lote lile, na mgongo wangu, vyote vilijaza kopo moja kubwa la maziwa ya unga. Lakini kopo hilo lilikuwa mwokozi wangu. Unachota ncha ya kijiko, unakoroga kwenye maji, unachuja, unamwagia. Ndoo inakuwa kijani hafifu, na baadaye maji yanang'aa kwa sababu wamekula. Masika inyeshe ipendavyo. Nikaandika kwenye kopo kwa wino mwekundu: CHAKULA CHA VIROBOTO. Kwa herufi kubwa.

Usama alikuwa anautaka uani aweke matairi. Kabla ya Ramadhani baba alitukalisha barazani, na ami wawili wakiwa mashahidi, akasema, "Hayat, nakupa nafasi hii moja. Vifaranga wakikua, uani ni wako, sitaki kusikia tena habari ya matairi. Wakifa, namkabidhi kaka yako." Nikasema sawa. Nilisema kwa mdomo mpana, maana nilikuwa na kopo langu.

Sasa nikueleze habari ya Shangazi Ibtisam. Ni dada mkubwa wa baba, anakaa Tabata, na hakuna bibi harusi wa ukoo wetu aliyewahi kupakwa hina na mkono mwingine. Na ana jambo lake moja ambalo watu wanalisifia mpaka misibani. Harudishi chombo cha mtu kikiwa kitupu. Ukimpelekea mchuzi, bakuli linarudi na kaimati. Aliwahi kuazima ungo wetu, ukarudi na nazi mbili. Mama alimtumia dawa ya kikohozi kwenye kichupa, na kichupa kikarudi na asali. "Mie na chombo kitupu," anasema, "hatujawahi kutembea njia moja." Sie wote tumelelewa hivyo, lakini yeye amezidi.

Ramadhani ikaisha, mfungo mosi ukaingia, na binti ya ami, Maisa, akawa anaolewa Ijumaa. Wiki hiyohiyo vifaranga wangu walikuwa wameanguliwa na wako salama tangini, wanene kwa kiini chao. Jumatano mchana nikaenda Gongo la Mboto kwa rafiki yangu Bupe. Bupe ni mwalimu, mtu wa Tukuyu, na ndiye mwenye mabwawa ambayo vifaranga wangu wangehamia wakishakua. Tulisafisha mabwawa, tukala ndizi, nikarudi jioni nimechoka. Hakuna aliyeniambia kitu.

Alhamisi asubuhi mvua ilikuwa inamwagika na umeme hakuna. Mie nina mafua, pua zote zimeziba. Nikachota kwenye kopo langu, kwenye stoo yangu, kama kila siku, nikakoroga, nikachuja, nikawalisha viroboto pipa baada ya pipa. Mama akaniita nimsaidie kukunja sambusa za harusi. Nikaenda.

Adhuhuri Bupe akaja kuona maendeleo. Nikamsikia ananiita kutoka uani, na sauti yake sikuipenda.

"Hayat, hawa mbona wamelala?"

Nikatoka na unga wa sambusa mikononi. Maji ya mapipa yalikuwa na rangi ya chai ya rangi. Viroboto walikuwa chini, wote, kama vumbi. Nikatia mkono nikakoroga. Hakuna aliyeruka. Nikaenda pipa la pili na la tatu, nikarudi la kwanza kana kwamba wangekuwa wameamka.

Nikalichukua kopo, nikalipeleka mlangoni penye mwanga. Unga ulikuwa kijani, ndiyo, lakini kijani cha majani makavu. Nikampa Bupe anuse maana pua yangu ilikuwa haifanyi kazi.

"Hii si ile mnayojipakaga miguuni?" akasema.

Hina. Kopo zima la hina! Nilikaa chini palepale kwenye maji, nikalia. Nililia kwa sauti, na wala sioni haya kusema. Mama akatoka mbio akidhani nimeungua.

"Nani kaingia stoo yangu?"

"Hakuna mtu," mama akasema. "Shangazi yako tu."

Hakuna mtu, shangazi yako tu! Nilihisi kichwa kinapanuka.

"Alikuja jana kuchukua vyetezo," mama akaendelea, wala hana habari. "Akaona umeweka hina nzuri, akasema mtoto wa watu kaikoleza kwelikweli, hii itamfaa Maisa. Lakini hakukuonea, Hayat. Alituma mtu nyumbani kwake, akakujazia kopo lako kwa ile hina yake ya Hadhramaut anayoificha. Kopo lote mpaka juu! Mie mwenyewe hajawahi kunipa. Ungemshukuru."

"Nimshukuru?"

"Punguza sauti, mwalimu yupo."

"Mwalimu amwambie nani? Mama, kaniulia kila kitu! Vifaranga wanafungua midomo leo au kesho, watakula nini? Watakula hina?"

Mama akatazama mapipa. Ndipo akaweka mkono mdomoni. Lakini unajua alichosema? Alisema, "Basi usimwambie, atajisikia vibaya."

Kwao Bupe watu hawapigi kelele, na masikio yalikuwa yamemwiva kwa aibu. Alikuwa anazunguka nyuma ya mlango wa stoo, na nikamsikia anaita tena, safari hii kwa sauti nyingine. Nyuma ya mlango kuna ndoo ninayowekea viroboto wa mbegu, na hiyo huwa naijia mwisho. Mama aliponiita kwenye sambusa nilikuwa bado sijaifikia. Nikachungulia. Walikuwa wanaruka.

"Hawa wakila vizuri wanazaana upesi," nikasema. "Wakila."

"Na chakula?"

Chakula kilikuwa Tabata. Juu ya bati mvua ilikuwa inapiga kana kwamba inanicheka, na mwani hauwezi kukua kwa mvua ile, seuze kukauka. Hakukuwa na punje nyingine ya unga ule popote ninapopajua, ila alikokuwa Shangazi Ibtisam. Nikavaa buibui juu ya nguo zilizolowa, nikalikumbatia kopo, nikasimamisha bajaji. Bupe akabaki na viroboto.

Nyumbani kwa ami, baba yake Maisa, hukohuko Tabata, kulikuwa kumejaa wanawake. Udi unafuka, chai ya tangawizi inazungushwa, wasichana wanapiga makofi na kuimba. Maisa amekaa mkekani ameegemezwa mito, mikono imenyooshwa mbele, imepakwa mpaka kwenye viwiko. Shangazi Ibtisam yuko miguuni pake na bakuli, miwani puani, anachora maua kama mtu anayeandika Kurani.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umechelewa! Njoo nawe nikupake, maana ni hina yako hii."

"Shangazi, siyo hina."

Wakaendelea kuimba kidogo, kisha wakaanza kupunguza, mmoja mmoja.

"Siyo hina," nikarudia. "Ni chakula cha viroboto. Na umeniwekea hina kwenye kopo, nikawalisha asubuhi, na wamekufa."

Kuna mwanamke mmoja kule nyuma alicheka. Nikamgeukia, akatazama sakafu.

"Viroboto wamekufa," Shangazi akasema polepole, "si ndiyo vizuri?"

Hapo sebule nzima ikalipuka. Walicheka mpaka wengine wakashikana mabega. Na mie nimesimama katikati, buibui linachuruzika maji kwenye zulia la watu, nimelikumbatia kopo. Nilingoja wamalize. Sijui nilipata wapi subira ile, sikuwahi kuwa nayo kabla na sijapata kuiona tena.

"Kopo liliandikwa," nikasema. "Kwa wino mwekundu. Shangazi, unajua kusoma kuliko sote humu ndani."

"Nilisoma!" Shangazi akavua miwani. "Chakula cha viroboto. Nani mwenye akili zake anawawekea viroboto chakula kwenye kopo zuri namna hii, kimechekechwa kama poda? Nikajua umeandika hivyo watoto wasiiguse hina yako. Mie mwenyewe sukari yangu nimeiandika dawa ya panya."

"Kweli, ameiandika," mtu akadakia.

"Sasa ni nini, Hayat? Umekuja kuniambia nimekuibia? Mie? Mbele ya watu, siku ya Maisa?"

"Sijasema umeiba. Nimesema umechukua. Umefungua mlango wangu mie sipo, umefungua kopo langu, umemwaga kazi ya kiangazi kizima na kunijazia kitu nisichokiomba, na mnataka nishukuru."

"Nimekujazia hina ya Hadhramaut!"

"Ingekuwa dhahabu ya Hadhramaut ningefanyia nini? Wanakula mwani!"

"Hayat," mama yake Maisa akanishika mkono, "mwanangu, leo ni siku ya mwenzio."

"Na siku yangu ni ipi, ma'mdogo? Niambieni, niiwekee alama. Mkitaka nati kwa Usama mnapiga hodi. Kwangu mnaingia kama chooni. Kwa nini? Kwa sababu mnaona nacheza? Baba amesema vifaranga hawa wakifa uani ni wa matairi. Sina mahali pengine. Hamjui hilo? Mnajua! Mlikuwa mnacheka nalo kwenye Idi!"

Hapo hakucheka mtu. Na ndipo Maisa, masikini, ambaye alikuwa hajasema neno, akaleta viganja vyake puani.

"Shangazi," akasema kwa sauti ndogo, "mie toka saa ile nasikia nanuka dagaa. Nilidhani ni mvua."

Shangazi akanusa vidole vyake mwenyewe. Kwa mafua yangu sikuweza kusikia harufu, lakini niliiona usoni pake. Akachukua kijiti akabandua ua moja mkononi mwa Maisa. Bibi harusi wetu, ambaye kesho yake alikuwa anakwenda kwa mumewe, alikuwa na kijani hafifu kama mtu aliyeshinda akichambua mchicha. Hakuna wekundu. Hakuna kitu.

"Ilihitaji ndimu zaidi," Shangazi akanong'ona, lakini hata yeye hakujiamini.

Nikapiga magoti, nikamwaga hina yote kwenye sinia mbele yake. "Hina yenu hii hapa. Chakula changu kiko wapi?"

Alikuwa nacho mapajani, kwenye mfuko wa nailoni, kiasi cha nusu, alichoweka kwa ajili ya miguu na ya wageni. Nusu nyingine ilikuwa imeshakorogwa na ndimu na mafuta ya mikaratusi, hiyo ilikuwa imekwenda. Nikanyoosha mkono. Hakuachia.

"Kilichotengwa kwa bibi harusi hakichukuliwi," akasema, ameukumbatia mfuko. "Ni mkosi. Nitakununulia kingine."

"Hakinunuliwi! Nimekitengeneza!"

Maisa ndiye aliyeuchukua mfuko. Aliuvuta kutoka mapajani mwa Shangazi kwa mkono wake wa kijani, akanitilia mkononi. "Mie nimempa," akasema. "Nendeni zenu na viroboto. Na mtu aniletee sabuni, jamani, siendi kwa mume nanuka kama paka shume wa soko la samaki Feri!"

Nikatoka. Nyuma yangu nilimsikia Shangazi anasema, "Namwambia baba yake. Leo hii namwambia." Nikajibu kutoka kibarazani, "Mwambie." Kopo lenyewe nililiacha palepale kwenye zulia, sikutaka kulitia tena machoni.

Nilimkuta Bupe amechemsha mayai. Viini vya mayai ukivisaga kwenye kitambaa ukavikamulia majini, vifaranga wanaweza kushikilia roho kidogo, ingawa maji yanachafuka na wengi hawatavigusa. Tukalisha ndoo ya mbegu kwa unga wangu, ncha ya kijiko, kwa adabu zote. Ijumaa sikwenda harusini. Mama aliniita, nikakataa. Ami aliniita, nikakataa. Mikono yangu ilikuwa tangini inachota maiti za vifaranga kwa chujio la chai, na nikasema sitaki mtu anisalimie kwa upole nikavunjika. Maneno yakazagaa Temeke mpaka Tabata kwamba Hayat kasusia harusi kwa ajili ya viroboto. Kwamba kamnyang'anya bibi harusi hina mkononi. Hakuna aliyekuwa anasimulia kwamba mlango ulikuwa wangu.

Lakini viroboto walizaana. Ndoo moja ikajaa, nikaigawa, zikawa mbili, na kutoka hapo sikuhesabu tena. Nikawamwagia vifaranga waliobaki, na nikaona kile kitu ninachokipenda kuliko halwa. Vichwa vidogo vyeusi viligeuka vyote pamoja, na vikaenda. Wiki iliyofuata walikuwa na sharubu. Karibu nusu walikuwa wamekufa. Nusu walikuwa wanakula mpaka wanachukiza.

Jumapili ya wiki hiyohiyo nikiwa najaza maji nikasikia mlango wa uani unafunguliwa, bila hodi, bila shaka. Usama na fundi, na futi la kupimia. Fundi akaanza kupima kutoka ukutani, akavuka ndoo zangu kwa miguu yake.

"Unafanya nini?"

"Baba alisema wakifa," Usama akasema. "Wamekufa."

"Una macho?"

"Nusu wamekufa. Kila mtu anajua. Makubaliano ni makubaliano, sista."

Nilimwita baba kwa sauti iliyomtoa dukani. Alikuja amevaa kofia upande, mama nyuma yake, akasimama kwenye tangi akatazama muda mrefu. Wale kambare walikuwa wanamkodolea kama vile wanataka kumwamkia.

"Nilisema wakikua," akasema mwishowe. "Sikusema nusu."

"Na nusu nyingine nani kaiua? Baba, mtu akivunja kioo cha duka lako, unanyang'anywa duka wewe?"

"Shangazi yako hakukusudia."

"Sijasema alikusudia! Kila mtu ananiambia hakukusudia. Nawauliza nani kaua, mnanijibu moyo wake msafi. Sema basi neno moja, baba. Sema alikosea."

Baba hakusema. Yule ni dada yake mkubwa, amemlea, amembeba mgongoni. Akageuka kumtazama Usama, akatazama futi, akaanza kukunja mkono wa kanzu kama mtu anayejiandaa kusema jambo ambalo hatalifurahia. Na nilijua ni jambo gani. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

"Hodi."

Tukageuka wote. Mlango wa uani ulikuwa wazi, wazi kabisa, Usama hakuufunga. Shangazi Ibtisam alikuwa amesimama nje yake, chini ya mwavuli, na hakuwa ameingia. Mwanamke huyu hajawahi kupiga hodi katika nyumba hii. Anaingiaga anaongea tangu barabarani.

"Hodi hapa kwa Hayat," akasema tena.

Watu wote wakanitazama mie, kwa sababu ni mie niliyeombwa.

"Karibu," nikasema. "Shikamoo."

"Marahaba." Akaingia. Mkononi alikuwa na kitu amekifunga kwa kanga, na kwa umbo nilijua ni kopo langu. Mama naye alijua, maana alishaanza kurudi jikoni kuchukua sahani ya kumiminia. Hata baba akapumua. Kaimati, nikasema moyoni, au visheti. Anakuja na visheti anipooze, tule, tucheke, matairi yaingie. Damu ilinipanda upya. Nikalipokea kopo kwa mikono miwili na maneno yangu yote yakiwa tayari kwenye ncha ya ulimi.

Lilikuwa jepesi.

Nikafungua kanga, nikafungua kifuniko. Ndani hakukuwa na kitu. Limeoshwa, limekaushwa, linang'aa mpaka chini. Yale maandishi mekundu yaliyokuwa yamefifia kwa mvua siku ile ya bajaji, mtu alikuwa ameyapitia upya kwa piko, ule wino mweusi wa kuchorea maharusi, herufi kwa herufi, kwa mkono unaojua kuchora.

Usama akachungulia. "Shangazi," akacheka, "leo umesahau kutia kitu."

"Sijasahau," Shangazi akasema.

Mama alikuwa amesimama na sahani. Baba alilitazama kopo lile, akamtazama dada yake, kisha akavua kofia yake na kuivaa tena, sawasawa.

"Nilitia mara moja, likaua," Shangazi akasema. "Mwenyewe ndiye anayejua linatiwa nini." Na bila kumgeukia Usama wala fundi wake akaongeza, "Muhdhar, mwambie mwanao akunje futi."

Baba hakuhitaji kusema. Fundi alikuwa ameshakunja.

Nilikuwa bado na maneno, wallahi. Nilikuwa na maneno ya mwezi mzima, kuhusu harusi, kuhusu kicheko, kuhusu mafua yangu. Yote yalibaki palepale ulimini, na mie nimesimama na kopo tupu kifuani, machozi yananitoka kama mjinga.

Shangazi alikuwa ameshakwenda mpaka kwenye stoo. Mlango huo nao ulikuwa wazi. Alisimama nje ya kizingiti, akarekebisha miwani, akajaribu kuchungulia ndoo za ndani bila kusogeza mguu.

"Ndiyo hao?"

"Ndiyo hao, Shangazi. Pita."

Ndipo akavua viatu, akapita.